Ubavu wa Kushoto

Jumamosi, 1 Machi

Nimeamka kabla ya Dimo, nikamfunga uzi wake mkononi akiwa bado anakoroma. Mwekundu na mweupe, umesokotwa pamoja, kama kila Machi mosi tangu tuoane. Afya, nguvu, bahati – nimeyasema kimoyomoyo, nikapiga fundo. Sasa hauvui mpaka amwone korongo wa kwanza anayerudi baada ya baridi, ndipo akaufunge mtini.

Mwaka huu nyuzi nimezitengeneza mwenyewe. Mbili tu, wake na wangu. Nyekundu nimeitia kwenye masalio ya beseni langu la rangi. Haikushika vizuri, ukiilowesha inachuja kama damu ya pua. Basi. Machi si mwaka mzima. Majirani wengine wote wana za dukani.

Saa nne Kaloyan akaleta kasha lake la kompyuta. Kijana wa mambo ya programu, mpole, viatu vyake havijawahi kuona tope. Kasha ni alumini tupu: mbavu mbili, uso, mgongo, kifuniko. Analipeleka maonyesho ya Plovdiv tarehe tano Aprili na anataka ile rangi yangu ya plamu. Juu iwe nyekundu ya waridi, halafu ishuke polepole, mpaka chini kabisa iwe plamu ya Septemba, ile inayokaribia weusi.

"Na kwenye kikaratasi nitaandika jina lako, shangazi Zlatina," akasema.

Nikamwambia aache utani. Kumbe hatanii.

Miaka kumi na minane nimeivisha alumini kiwandani kwa asidi na umeme, mpaka iote ngozi inayoshika rangi. Vipini vya milango, vifuniko vya redio, vikombe vya wanajeshi. Hakuna hata kimoja kilichotoka na jina langu. Nimemwambia Dimo wakati wa chakula. Akasema, "Haya, mheshimiwa, nipitishie chumvi." Nilicheka. Lakini moyoni nimefurahi kupita kiasi, na hapa hakuna wa kunicheka, kwa hiyo naandika: nimefurahi kupita kiasi.

Jumanne, 4 Machi

Msasa siku nzima. Vidole vimekufa ganzi.

Ognyan amekuja kunywa kahawa. Ndiye aliyesimamia ndoa yetu, na msimamizi wa ndoa huwezi kumfungia mlango hata kama nyumba inaungua. Nilikuwa naye kiwandani. Kilipofungwa yeye akajenga karakana kubwa kule eneo la viwanda, mapipa sita, watu kumi na wawili. Mimi nikabaki na gereji na mabeseni ya kuogea watoto.

Akakiona kipande changu cha majaribio dirishani. Akakishika, akakigeuza juani, akavuta miwani kutoka kwenye paji la uso. 

"Shemeji, hii unaishushaje bila mstari?"

"Kwa subira."

"Subira nyuzi joto ngapi? Dakika ngapi?"

"Ongeza kahawa, Ognyan."

Akacheka. Akasema karakana yake ingeitengeneza rangi hiyo kwa mamia, na mimi ningekaa tu. Nikamwambia sitaki kukaa tu. Siri yenyewe ni ya beseni la pili: joto lake, dakika zake, kijiko cha siki, na namna ya kuinua bamba kwa mkono, kidogo kidogo. Imenichukua miaka mitatu na vipande mia mbili vilivyoharibika. Iko kwenye daftari, daftari liko kwenye sanduku gereji, na mtu pekee anayejua liko wapi ni Dimo.

Dimo alimsindikiza Ognyan hadi kwenye gari. Walisimama pale mpaka nikamaliza kuosha vyombo vyote. Namwonea huruma mume wangu. Tangu Novemba, ghala la matairi lilipomwachisha kazi, anafua soksi ambazo si chafu.

Alhamisi, 6 Machi

Ubavu wa kulia umetoka. Bila doa! Nimekaa mbele yake nikishangaa kama ng'ombe mbele ya lango jipya. Dimo alikuja kuuona. Akasema, "Rangi ni rangi, mke wangu. Haina mwenyewe." Nikamfukuza na glavu.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya wanawake. Dimo kanipa tulipu na kunipikia kahawa. Asubuhi nikautoa ubavu wa kushoto kwenye asidi, nikauosha, nikauweka kwenye beseni la maji safi usubiri rangi. Hapo ndipo pa hatari. Alumini ikitoka kwenye asidi ina vitundu ambavyo jicho haliwezi kuviona, na inakunywa chochote kinachoigusa. Rangi, mafuta ya kidole, chochote. Ukishaichemsha ikafunga, ilichokunywa kinabaki humo milele.

Nilikuwa nimekusudia kuendelea. Lakini bibi Tsona, jirani yetu, akaingia uani na kofia yake ya manyoya.

"Wewe! Utabaki na mabeseni yako leo? Leo hata kuku hawatagi."

Wanawake wote wa mtaa wameshaketi mgahawani, anasema, wananingoja mimi tu. Nikajishauri. Maji ni safi, saa mbili haziharibu kitu. Beseni nikaliweka juu ya sanduku, pasipopitwa na mtu, nikalifunika. Nikamwambia Dimo asiingie gereji. Akasema ataingia kufanya nini, yeye anakwenda baa kuangalia mpira.

Tumekula, tumecheza dansi mpaka bibi Tsona kavua viatu. Nimerudi saa tisa, nikauvua uzi wangu na kuutundika kwenye msumari mlangoni kama ninavyofanya kila mara kabla ya kazi, nikatia rangi, nikachemsha. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Kesho nitauona kwa mwanga wa jua.

Jumapili, 9 Machi

Una alama.

Chini, kwenye kona ya nyuma, pale penye plamu nzito. Mstari mwekundu uliopinda, urefu wa kidole. Nimesugua kwa siki, kwa spiriti, kwa ukucha. Haitoki. Imo ndani.

Nimejitukana sana. Ni waya wa kutundikia, nadhani, uligusa mahali. Au ni mimi, na glasi zangu mbili za mvinyo. Mtu mzima anaacha bamba lenye vitundu wazi majini kwenda kucheza dansi! Kulirudia siwezi. Nikilivua ngozi tena kwa soda kali litakuwa jembamba, na rangi yake haitalingana tena na ya kulia.

Nimemuuliza Dimo kama kuna aliyeingia gereji. Akasema hapana, nani angeingia. Akanikumbatia. Akasema huo ubavu wataugeuzia ukutani, nani atauona. Ndipo nikaona mkono wake hauna uzi.

"Nilimwona korongo jana nikitoka baa," akasema. "Nikaufunga mtini palepale."

Machi nane! Nikamwambia ana bahati kuliko mtaa mzima. Angalau mmoja wetu.

Jumatano, 12 Machi

Nimempigia Kaloyan nikamweleza ukweli. Akasema basi ubavu wa kulia ndio utatazama watu. Na jina langu litabaki palepale. Ni mtoto wa watu. Nimelia kidogo baada ya kukata simu, nikaendelea na kifuniko.

Jumamosi, 22 Machi

Dimo amepata kazi! Kwa Ognyan – mkuu wa zamu, karakana nzima. Tangu lini Dimo anajua asidi? Ognyan amesema atafundishwa, watu ndio muhimu, si ujuzi. Nimeoka banitsa ya jibini, nimetandika kitambaa cheupe. Ognyan alileta rakia, pombe kali ya plamu. Tukanywa kwa afya. Dimo hakuinua macho sana. Nadhani ni haya ya mwanaume aliyekaa bure miezi minne.

Nilimshukuru Ognyan. Nilisimama kwenye meza yangu mwenyewe, nikamshika mikono yote miwili, nikamshukuru.

Jumatano, 26 Machi

Asubuhi bibi Tsona amepiga kelele hadi mbwa wote wakamjibu. Korongo wake wamerudi! Kiota kiko kwenye nguzo ya umeme mbele ya nyumba yake, na kila mwaka anaandika tarehe kwa chaki nyuma ya mlango wa jiko. Akanivuta nikaone. Miaka thelathini na moja ya chaki. Hakuna hata mmoja kabla ya tarehe kumi na tisa.

"Dimo kamwona mmoja tarehe nane," nikamwambia.

"Wapi?"

"Karibu na baa."

"Basi alikuwa kwenye chupa, huyo korongo," akasema bibi Tsona.

Tukacheka sote wawili. Nikauvua uzi wangu nikaufunga kwenye mti wetu wa aprikoti, umechanua vizuri. Ni mti huo huo tunaofunga kila mwaka, wake na wangu tawi moja. Nimeona ajabu kuona wangu peke yake. Jambo dogo. Sijui kwa nini nimeliandika.

Jumamosi, 29 Machi

Kaloyan amepiga simu saa tatu asubuhi. Sauti yake haikuwa yake.

"Shangazi, umewapa watu rangi yako?"

Sikuelewa. Akanitumia picha. Ni karakana ya Ognyan: kasha la kompyuta juu ya kitambaa cheusi, waridi juu, plamu chini, bila mstari. Wameandika: rangi yetu mpya, tutakuwa nayo Plovdiv tarehe tano. Kaloyan alikuwa na hasira na mimi. Namwelewa. Kwake ilionekana nimemuuza.

Nikaenda gereji. Daftari lilikuwa mahali pake. Bila shaka. Lilikuwa limerudishwa kwa adabu.

Niliketi juu ya ndoo. Halafu nikasimama, nikachukua kioo changu cha kukuzia, kile cha kiwandani, nikauweka ubavu wa kushoto dirishani. Sijui kwa nini sikufanya hivyo siku ile. Najua – sikutaka. Mstari si wa waya. Waya huacha alama nyeupe, kwa sababu chini yake alumini haiivi. Huu una vipande vya mshazari, chekundu, cha giza, chekundu, cha giza, vimefuatana kama msuko. Na una vinyoya pembeni. Ni sufu. Ni uzi wa nyuzi mbili uliolowa, umelala pale kwa muda wa mtu kushika bamba lisimponyoke.

Wa dukani hauchuji. Zinazochuja duniani ni mbili. Wangu ulikuwa mkononi mwangu kwenye meza ya mgahawa, na wanawake tisa ni mashahidi.

Beseni lilikuwa juu ya sanduku. Mimi mwenyewe ndiye niliyeliweka pale. Asingeweza kufungua sanduku bila kulibeba.

 Nilitaka sana niwe nimekosea, na kulikuwa na njia moja tu ya kuhakikisha. Kwetu mtu hatupi uzi wa Machi kwenye takataka. Anaweza kuiba, anaweza kuapa uongo kanisani, lakini uzi aliofungwa kwa kutakiwa afya hautupi, mkono wenyewe utakataa. Lazima aufunge kwenye mti. Nikaanza kutafuta. Si aprikoti, si mcheri, si mtofaa. Nikaenda nyuma ya banda la kuni, kwenye ule mti wa plamu uliozeeka tunaosema kila mwaka tutaukata.

Ulikuwepo. Tawi la ndani, chini, limefunikwa. Nyekundu imepauka. Na nyeupe si nyeupe tena. Ni plamu ya Septemba. Imelowa kwenye beseni langu la pili alipokuwa akichota rangi kumpelekea Ognyan, na imeshika vizuri, sufu inaipenda rangi ile.

Fundo ni langu. Sikulifungua. Nimekata tawi dogo nikauchomoa.

Dimo yuko kazini mpaka saa kumi.

Jumapili, 30 Machi

Sijasema neno. Amekula pilipili za kujaza mbili, akaomba ya tatu. Nikampa.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema. Wangu nilimfunga uzi mwenyewe akiwa usingizini.

Jumatatu, 31 Machi

Nimempa nafasi. Naandika hili ili baadaye nisijidanganye kwamba sikumpa.

Alikuwa anafunga viatu. Nikamuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Yule korongo wako, Dimo. Ulimwona wapi hasa?"

"Si nilikwambia. Pale baa."

"Alikuwa ametua au anaruka?"

"Anaruka."

"Na uzi?"

"Kwenye mti. Mbona unanihoji asubuhi yote hii?"

"Hakuna kitu ungependa kuniambia?"

Akafunga kiatu cha pili. Akachukua muda mrefu na kamba ile. Nikamwona anafikiri – namjua, sikio lake la kulia linakuwa jekundu. Ningemsikiliza. Angesema, "Zlatina, nilikuwa nakufa humu ndani, nilitaka kutoka nyumbani asubuhi kama wanaume wengine," ningelia, ningevunja sahani, lakini ningemsikiliza. Ningeweza hata kusamehe. Nadhani.

Akasema, "Tumeishiwa dawa ya meno."

Njia ya mwongo fupi, husema bibi Tsona. Ya Dimo inaishia nyuma ya banda la kuni. Lakini mimi ninayeishi naye mwaka wa ishirini na nne, nitaifuata mpaka wapi?

Alhamisi, 3 Aprili

Kaloyan alikuja kuchukua kasha; mbavu nitazileta mwenyewe. Nilimwonyesha alama, kioo, uzi. Sikumficha kitu. Aliangalia kimoja kimoja, halafu akauliza polepole, "Mjomba Dimo?" Nikaitikia kwa kichwa. Akaomba radhi kwa namna alivyoongea kwenye simu. Akauliza kama nataka tujitoe, kwa sababu wakiwa wawili wenye rangi moja watu watasema aliye mdogo ndiye mwizi. Nikamwambia tutakwenda.

Dimo amesema naye atakuwa Plovdiv Jumamosi, kwa kazi. "Nikuchukue kwa gari ya karakana?" Nikasema ndiyo.

Jumamosi, 5 Aprili. Plovdiv, ukumbini

Naandika nikiwa nimekaa juu ya kreti nyuma ya meza yetu. Watu wameanza kuingia.

Njia nzima Dimo alipiga mluzi. Amevaa jaketi la buluu la karakana, jipya, na jina limeshonwa kifuani. Alinibebea ubavu wa kulia kutoka kwenye gari. Wa kushoto nilibeba mwenyewe.

Meza ya Ognyan ni ya tatu kutoka kwetu. Kasha lao ni zuri. Nalisema, kwa sababu ni kweli na kwa sababu ni langu. Nilikwenda kusoma kikaratasi chao. Nilitegemea kuona jina la karakana. Kimeandikwa: Plamu. Mbunifu wa rangi, Dimo Balabanov.

Balabanov. Jina letu la ukoo, kwa mwanamke Balabanova, lile nililolichukua kanisani Ognyan akitushikia mataji ya harusi. Si joto tu, si dakika tu, si siki tu. Amewapa hata jina. Alijua maana ya jina lile kwangu. Nilimwambia mezani, akaomba chumvi.

Sikupiga kelele. Nilidhani ningepiga. Nilirudi kwenye meza yetu nikiwa mtulivu kiasi cha kujiogopa. Kaloyan alikuwa anapangusa kasha kwa kitambaa laini.

"Tunaweka wa kulia mbele, shangazi, si ndiyo?"

"Weka wa kushoto."

"Lakini una ule mstari."

"Ndiyo maana."

Aligeuza kasha. Kikaratasi chetu kiko mbele, herufi nzuri: Rangi na umaliziaji, Zlatina Balabanova. Kioo changu cha kukuzia nimekiweka pembeni ya kasha, kwa yeyote anayetaka.

Aliyetaka wa kwanza ni Ognyan. Alikuja akitabasamu, "Shemeji, usikasirike, biashara ni biashara, rangi mbili zinazofanana hutokea." Mwenzangu amekaa miaka thelathini kwenye asidi. Jicho lake likaenda kwenye doa kabla ya mdomo kufunga. Akavuta miwani. Akachukua kioo. Akainama.

Bado ameinama. Nimeuweka uzi juu ya meza, kando ya mstari, na fundo lake. Ameangalia kimoja, ameangalia kingine. Hajui, naona hajui – Dimo alimwambia nini? Kwamba nilimpa kwa hiari yangu? Kwamba ni yake? Rangi imemtoka usoni.

Dimo yuko mlangoni na vikombe viwili vya kahawa, changu bila sukari, hilo hajawahi kusahau. Anapita katikati ya watu taratibu asimwage. Ametuona tumesimama pamoja, anatabasamu.

Ognyan ameniuliza uzi huu ni wa nani. Nimemwambia asubiri kidogo, mwenyewe huyo anakuja.